Tumbo la Meli

Muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri alituletea makala fupi ya Kiingereza kuhusu meli za utalii za siku zijazo na maumbo mapya yanayobuniwa kwa ajili yake, akatutaka tuiandike kwa Kiswahili. Tulikwama katika sentensi ya kwanza. Waingereza wana neno moja tu linalotaja sehemu yote ya chombo inayokaa majini na kubeba kila kilicho juu yake. Sisi tulilitafuta kwa saa nzima. Mmoja akasema "bodi", mwingine "ganda", mwingine "kiunzi". Mwenzetu aliyewahi kuishi Tanga akatumwagia maneno ya mabaharia: mkuku, mataruma, omo, tezi, ngama. Tulicheka, maana sisi wa Gisenyi ni watu wa ziwa lililo mita 1,460 juu ya hiyo bahari yake. Mwishowe tukakubaliana kuandika "tumbo la meli". Mwalimu hakuridhika sana, ila hakuwa na neno bora zaidi.

Mimi nilirudi nyumbani na neno hilo. Tumbo hubeba. Tumbo hushiba na tumbo hulala njaa. Ukisema "umbo jipya la bodi", hakuna atakayeuliza swali lolote. Lakini ukisema "umbo jipya la tumbo", swali linajileta lenyewe: tumbo la nani? Ndilo swali la insha hii. Anayechonga umbo la chombo anawajibika kwa kiasi gani kwa yale yatakayowapata watakaobebwa nacho?

Nianze na makala yenyewe, kwa sababu ilinifunza mengi. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo karibu kila mabadiliko ya umbo la meli ni mbinu ya kupunguza ugomvi na maji. Meli kubwa nyingi zina kinundu chini ya omo, kimejificha majini. Kazi yake ni kuzusha wimbi dogo linalokutana na wimbi la omo na kuliua. Wanorwei wa kampuni ya Ulstein walikuja na omo iliyogeuzwa, yaani inayorudi nyuma kadiri inavyopanda juu, badala ya kutokeza mbele kama tulivyozoea kwenye picha. Meli ya kwanza yenye omo hiyo ilikuwa ya kazi za visima vya mafuta baharini, mwaka 2006. Mwaka 2019 umbo hilohilo likaingia katika meli ya watalii, Greg Mortimer, iliyojengwa kwa ajili ya safari za barafuni: badala ya kupanda wimbi na kuanguka kwa kishindo, inalipasua taratibu na abiria wanaendelea kulala. Wengine hupuliza mapovu ya hewa chini ya tumbo ili meli iteleze juu yake. Na kuna Radisson Diamond, iliyojengwa Ufini na kuanza kazi mwaka 1992, meli ya watalii yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa juu. Ilitulia sana majini, lakini mwendo wake ulikuwa wa kobe, na hakuna aliyejenga nyingine kubwa ya namna yake. Mwishowe ikageuzwa kuwa nyumba ya kamari huko Asia.

Niliposoma habari za matumbo mawili nilitabasamu, kwa sababu sisi tunayo matatu. Aliyefika ufuko wa Gisenyi jioni ameviona: vyombo vitatu vya mbao vimefungwa sambamba kwa miti mirefu ya mikaratusi, na miti mingine imetokeza mbele na nyuma kama sharubu za kambale. Tunakiita "ikipe", neno tulilolipata kwa Wabelgiji. Wavuvi wanapiga kasia huku wakiimba, wanafika mbali, wanawasha taa, na sambaza wanapanda kuufuata mwanga hadi juu ya wavu uliotandazwa katikati. Watalii huambiwa kwamba huu ni uvuvi wa mababu. Si kweli sana. Sambaza mwenyewe aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu yangu alikuwa kijana alipowaonja mara ya kwanza. Lakini umbo ni la busara. Vyombo vitatu vyembamba, ambavyo kila kimoja peke yake kingepinduka mtu akipiga chafya, vikifungwa pamoja vinakuwa uwanja. Wapwani wanaijua siri hiyo katika ngalawa yao yenye mirengu.

Jioni hizohizo siku hizi hupita Kivu Queen uBuranga, hoteli inayoelea yenye vyumba 10, inayosafiri kati ya Rubavu, Karongi na Rusizi. Uburanga kwa Kinyarwanda ni uzuri wa sura, na sura yake kweli ni nzuri. Sina ugomvi nayo. Wenzangu wawili darasani waliandika insha za kuilaani, kwamba ni anasa katikati ya umaskini, nami naona walikimbilia jibu rahisi. Anasa inalipa mishahara, na hakuna mvuvi aliyezama kwa sababu mtalii amelala vizuri. Kinachonisumbua ni kingine, na siwezi kukieleza bila kusimulia aibu yangu.

Mwaka 2023 nilikwenda kumwona mama mdogo huko Idjwi, kisiwa kikubwa cha Kongo katikati ya ziwa letu. Nilivuka mpaka kwa miguu, nikapanda boti ya mbao yenye injini upande wa Goma. Chini kulikuwa na magunia, juu ya magunia watu, na juu ya watu paa lililogeuzwa ghorofa, nako kulikuwa na watu wengine na magodoro. Nilikuwa nimesoma kidogo fizikia sekondari. Nilijua kwamba chombo hakihesabu tiketi. Kinahesabu uzito na mahali ulipo. Mtu mmoja akiwa juu ya paa ana madhara kuliko watu kadhaa walioketi chini, kwa kuwa uzito wa juu ndio unaokinyima chombo nguvu ya kujiinua kinapolala ubavu. Nilianza kuhesabu vichwa. Nilipofika 90 niliacha, kwa sababu niligundua kwamba nikiendelea nitalazimika kufanya jambo. Nikalipa, nikakaa.

Katikati ya safari mvua ikanyesha. Waliokuwa wazi juu ya paa wakasogea upande mmoja kujikinga kwa turubai, na boti ikalala. Haikulala sana. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami alishika mkono wangu kana kwamba mimi ni ukingo wa chombo. Kisha nahodha akapiga kelele, watu wakarudi, boti ikasimama. Tulifika salama, tukala ndizi, nikasahau.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi, iliyokuwa ikitoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kuwapokea ndugu zao. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Walipanda majini kwa sababu barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imefungwa na vita. Hawakuwa na njia nyingine. Jioni ile, pale kwetu, nilimkumbuka yule mama na mkono wake.

Wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walijadili mwaka 1976 jambo waliloliita bahati ya kimaadili. Madereva wawili wanaendesha kwa uzembe uleule; mmoja anafika nyumbani, mwingine anamgonga mtoto aliyekatiza barabara. Tunamlaani wa pili kuliko wa kwanza, ingawa tofauti yao ni mtoto tu, na mtoto hakuwa katika uwezo wao. Kant angesema kwamba thamani ya nia haipimwi kwa matokeo. Mimi naafikiana na Kant kichwani, lakini tumboni sikubaliani naye. Nahodha wangu wa 2023 na nahodha yeyote aliyezamisha watu walifanya kitendo kilekile. Mimi na waliokufa vilevile. Hata hivyo nahodha wangu anaendelea kuitwa fundi wa maji, nami naendelea kuitwa mwanafunzi mwenye akili.

Sasa nirudi kwa mchongaji. Katika mjadala wa darasa, mwenzangu kutoka Nyamasheke alitoa hoja yenye nguvu. Mwenye kuhunua kisu, alisema, halaumiwi kwa koo lililokatwa. Mbunifu wa chombo huandika idadi ya abiria. Anayezidisha idadi ndiye mwenye kosa. Hoja hiyo inafaa mahali pengine. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365 hivi na inaweza kubeba abiria 7,600. Ukiitazama unaona mtaa mzima umesimama juu ya maji, unadhani upepo utaiangusha. Haianguki, kwa sababu mitambo, mafuta na maji ya kuipa uzito viko chini kabisa tumboni, na kwa sababu hakuna mtu wa 7,601 atakayepita mlangoni. Mbunifu wake alichora umbo kwa ajili ya idadi, na idadi ina mlinzi. Chini ya mchoro wake kuna sheria za kimataifa zilizoanza kuandikwa mwaka 1914 baada ya Titanic, kuna bima, kuna mahakama. (Hata gesi inayochomwa katika injini zake kwa sehemu kubwa ni methani, ileile inayolala chini ya Kivu, ambayo kiwanda cha bia cha hapa Gisenyi kilianza kuichoma tangu 1963. Tuko karibu na mambo makubwa kuliko tunavyodhani.)

Lakini mchongaji wa boti ya Kivu anajua, wakati bado ana randa mkononi, kwamba idadi haitaheshimiwa. Anaijua siku ya soko na anajua bei ya tiketi. Kisu kinaweza kukata nyama maisha yake yote; boti hii itajazwa kupita kiasi wiki ya kwanza. Umbo lililo salama kwa idadi ambayo hakuna anayeifuata si umbo salama, hata kama hesabu zake ni sahihi. Nadhani hapo hoja ya kisu inavunjika: kuna matumizi mabaya ambayo ni ajali, na kuna matumizi mabaya ambayo ndiyo matumizi yenyewe.

Msomaji asidhani nasema habari za mbao dhidi ya chuma. MV Bukoba ilikuwa ya chuma, ikapinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Iliruhusiwa abiria 430, na waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Kwa muda tumbo lake lilielea likiwa juu chini, na waliobaki hai ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa chuma wawatoe. Hewa iliyokuwa inalishikilia ikatoka, likazama. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa na watu wengi kuliko mara mbili ya uwezo wake, wakafa 228. Fundi mitambo mmoja alipatikana hai ndani yake siku mbili baadaye, katika mfuko wa hewa. Vyombo hivyo vilichorwa na wahandisi wenye vyeti. Ninapotafsiri "tumbo la meli" siwezi tena kulisikia neno bila kusikia mgongo ule.

Kuna pingamizi moja ambalo lilinichelewesha kumaliza insha hii. Mchongaji hawezi kujua chombo chake kitaishi maisha gani. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda, akaonana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, akafika katika ufuko wetu huu. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni chini yake Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Kwa heshima yake, kiwanda cha Meyer huko Papenburg kilijenga meli mwaka 1913, kikaifungua vipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kufikishwa Kigoma. Ilikuwa meli ya himaya, ikawekwa mizinga. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kisha ikabeba, miaka nenda miaka rudi, dagaa, mananasi, wakimbizi, maharusi na wanafunzi wa ukingo mzima wa Tanganyika. Nani alikuwa na nia hiyo pale Papenburg? Hakuna. Basi ikiwa mchongaji hasifiwi kwa mema asiyoyakusudia, kwa nini alaumiwe kwa mabaya asiyoyakusudia? Na kampuni hiyo ya Meyer ndiyo iliyojenga Icon of the Seas katika kiwanda chake cha Turku. Kwa karne moja mikono ya ukoo mmoja imejua jinsi ya kumbeba Mwafrika maskini na jinsi ya kumbeba Mmarekani aliye likizoni, na maarifa yote yamekwenda upande wa pili. Sidai kwamba ni hatia. Wanaolipa ndio wanaochorewa.

Jibu langu kwa pingamizi hilo ni kwamba kutokukusudia na kutokujua ni vitu viwili. Mtu wa Papenburg hakuweza kuijua Liemba. Fundi wa Kivu anaijua kesho yake.

Ndipo nikaamua kumwuliza fundi mwenyewe. Yupo mzee mmoja upande wa Rubona anayechonga na kutengeneza boti tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta akitia kalafati, nikamwamkia, nikamweleza kwa madaha habari za kinundu, omo iliyogeuzwa na mapovu. Alisikiliza kwa adabu. Nikamwuliza kwa nini asizipanue zaidi boti za abiria, ili zikizidishiwa zisipinduke.

"Nikiipanua, mwanangu, watapanda wengi zaidi," alisema. "Ukubwa haujawahi kumshinda mwenye boti."

"Sasa wewe unafanya nini, mzee?"

"Sijengi ghorofa."

Alinieleza kwamba kila mteja anataka paa linaloweza kukanyagwa. Yeye huweka paa la turubai juu ya fito nyembamba, ambalo hata paka hawezi kulala. Kwa ajili hiyo amepoteza wateja. Mmoja alichukua boti yake, akavuka nayo, akamlipa fundi mwingine aiwekee mbao juu.

"Kwa hiyo watu wamepanda juu vilevile," nikasema.

"Wamepanda. Lakini mkono wangu haumo."

Jibu hilo lilinipendeza siku ile na likanikera siku ya pili. Mzee ameulinda mkono wake; amelinda nani mwingine? Kama angeijenga ghorofa hiyo yeye mwenyewe, nyepesi, na kuweka mawe ya uzito chini ya tumbo, labda abiria wangekuwa salama kuliko sasa ambapo mtu asiyejua amepigilia mbao nzito juu ya boti isiyoandaliwa. Usafi wa mkono mmoja umelipwa na hatari ya watu 90. Nilirudi kumwambia hivyo, kwa maneno ya heshima zaidi. Hakukasirika. Alisema kwamba siku atakapojenga ghorofa nzuri, ghorofa itakuwa jambo la kawaida, na wasiojua kujenga watajenga zaidi kwa sababu "hata mzee anajenga". Sikuwa na jibu. Bado sina. Naona tu kwamba fundi huyu, asiyewahi kuchora mstari kwenye karatasi, amelifikiria swali la wajibu wa mbunifu kwa undani kuliko makala tuliyoitafsiri, ambayo kurasa zake zote hazikuwa na mtu hata mmoja anayeweza kufa.

Waswahili wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Nilieleweshwa na mwenzetu wa Tanga kwamba ngama ni kule chini kabisa, ambako maji yanayovuja hukusanyika na lazima mtu ainame kuyateka. Nimezunguka tezi na omo katika insha hii. Ngamani kwangu ni Desemba 2024.

Mama mdogo aliugua, nikatakiwa kwenda Idjwi tena. Nilifika gatini alfajiri. Boti ilikuwa nyingine lakini magunia yalikuwa yaleyale, na juu kulikuwa na mbao, si turubai. Safari hii nilihesabu hadi mwisho. Nikamwendea nahodha nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wamezidi na kwamba walio juu washuke. Alinitazama kama anayetazama mvua. "Dada, kama unaogopa, shuka wewe."

Nilishuka. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya magotini, viatu mkononi, sijageuka bado, na mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa tayari amepokewa mkono na kuketishwa mahali pangu. Nahodha alimtoza nauli kamili. Boti ikaondoka na uzito uleule, au kilo chache zaidi.

Ilifika salama. Mama mdogo alinipigia simu jioni kuniuliza niko wapi, kwa kuwa wageni wengine wa boti ileile walikuwa wameshafika nyumbani na kumpa pole. Nilimwambia nitajaribu kesho.